Msitu na Wenyewe: Siku Kumi Laare



Safari yangu mara hii haikuwa ya Lamu wala Unguja, bali ya bara, tena bara ya baridi. Binti wa dada yangu ameolewa Laare, Igembe Kaskazini, katika kaunti ya Meru, ambako mumewe ana duka la nguo, naye alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Kwetu mzazi haachwi peke yake siku arubaini zake, na kwa kuwa mamake ana maradhi ya magoti yasiyomruhusu kukaa garini siku nzima, nikatumwa mimi. Nilibeba liwa, habbat soda, halua, doti tatu za kanga, na sweta niliyoazima kwa jirani. Sweta ndiyo iliyofaa kuliko vyote.

Kutoka Mombasa nililala ndani ya basi hadi Nairobi, nikapanda gari la Meru lililopita Embu na Chuka, Mlima Kenya ukiwa umejificha mawinguni upande wa kushoto njia nzima. Mjini Meru nikabadilisha tena. Kianjai, Kangeta, Maua, na mbele ya Maua, barabara ikipanda na kujipinda katika milima ya Nyambene, ndipo Laare. Jina la Kangeta lilinichekesha peke yangu garini, kwani kwa miaka mingi nililidhani ni jina la aina ya miraa tu, nisijue kwamba ni mahali, na kuna watu waliozaliwa hapo, wakasoma, wakaoa na kuzikwa.

Laare ni mji wa soko. Mapema asubuhi, umande ungali majanini, vijana hushuka kutoka mashambani na mafungu ya miraa, watu wakakaa kuyachambua, kuyafunga vibunda na kuvizungushia majani ya mgomba, kisha magari yakaondoka kwa kasi ya kumtia mtu hofu. Baadhi ya mizigo hiyo huishia kwenye vibaraza vya Mombasa, Malindi na Lamu. Najua ziko nyumba nyingi kati yetu ambazo jani hili limeacha kilio ndani yake, na sikwenda Laare kulitetea. Lakini nililiona jambo moja ambalo sikulitarajia. Iko huko miti ya kale ya miraa, wenyewe huiita mbaine, ambayo umri wake huhesabiwa kwa vizazi vya mababu wala si kwa miaka, na mwenye shamba hawezi kuukata mti wa namna hiyo kwa kupenda kwake, kwani wazee watamwita wamwulize. Ni watu waliozoea tangu zamani kumwambia jirani kwamba mti umo shambani mwako, lakini kauli juu yake si yako peke yako. Mazoea hayo niliyakumbuka baadaye, tulipofika msituni.

Msituni nilifikishwa na maji. Siku yangu ya pili mfereji wa nyumbani ulikauka, na katika nyumba yenye mtoto mchanga hilo si jambo dogo. Binti yetu hakuonyesha wasiwasi. Alimtuma kijana kwa jirani, na baada ya saa moja jirani huyo akaingia mwenyewe na mitungi miwili ya plastiki, mmoja mkononi na mmoja mgongoni, umefungwa kwa ukanda uliopita juu ya paji la uso wake kama wabebavyo wanawake wa huko. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alikuwa Mkristo, na bado alijua kwamba mzazi wetu alikuwa siku ya ngapi kuliko nilivyojua mimi. Nilimwita dada, naye akaniita Mama Mombasa, na jina hilo likanishika mpaka nilipoondoka.

Nilimwuliza maji hayo ameyatoa wapi. Akasema yanatoka msituni, na kwamba yeye ni mmoja wa kamati ya chama cha wanajamii kinachousimamia pamoja na serikali. Nikasema kwetu msitu ni wa bwana misitu. Akatabasamu, akajibu, "Hata hapa ulikuwa hivyo. Ndiyo maana ulikwisha upande mmoja."

Wasomaji wanisamehe nikitoka kidogo njiani, kwa sababu bila ya haya hamtajua kwa nini neno lile lilinikaa moyoni. Mamangu ni mzaliwa wa Ozi, karibu na Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, na mpaka leo anaishi huko. Watu wa Ozi hulima mpunga kwa namna ambayo mgeni huiona ni miujiza: bahari inapojaa huyasukuma nyuma maji matamu ya mto, yakapanda na kuingia majarubani, na bahari inapotoka maji yakateremka. Hakuna pampu wala injini. Lakini kazi hiyo yategemea mto uwe na nguvu. Mto ukipungua, kinachopanda si maji matamu tena bali ni chumvi. Miaka ya karibuni chumvi imepanda, mpunga umeungua, na miembe ambayo mamangu aliikuta imepandwa na babake imekauka ikisimama. Huzungumzi na mamangu kwa simu ila atakueleza mto umekuwaje leo, kabla hajakuuliza hali ya watoto.

Tana una urefu wa kilomita 1,000 hivi. Maji yake mengi hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, nayo hukutana kwanza na mabwawa matano ya umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mito ya Nyambene si hivyo. Mito kama Ura na Rojewero huteremka kutoka milima hii, hupita katika mbuga ya Meru na kuungana na Tana chini ya mabwawa hayo. Sidai kwamba chumvi ya Ozi imeletwa na miti iliyokatwa Nyambene. Mambo ya mto ni mengi na wenye elimu yao wapo. Nasema tu kwamba nilipoushika ule mtungi wa plastiki nilimkumbuka mamangu, nikamwomba yule dada anipeleke.

Tulikwenda siku ya nne, mkwe wa binti yetu akabaki na mzazi. Msitu wenyewe ni wa Ngaya, upande wa kuelekea mbuga ya Meru, na wenyeji husema ndovu wa mbuga hupanda mpaka humo, jambo ambalo dada aliniambia tulipokwisha kuteremka kwenye pikipiki na kuanza kwenda kwa miguu, wala si kabla. Kwanza tulipita mashamba ya miraa na mahindi, kisha kipande cha ardhi kilichobaki visiki na vichaka, ambacho alikipita bila ya kukitazama. Baadaye kidogo hewa ikabadilika. Sijui niseme vipi kwa mtu aliyezoea kivuli cha mwembe mmoja uani. Kivuli cha msitu hakina mwisho wake, na baridi yake hutoka ardhini. Alinionyesha muuru na muringa, miti ambayo mbao zake hupendwa na maseremala, na akaupiga kofi mmoja wapo ubavuni kama mtu ampigavyo ng'ombe wake.

Chemchemi ni ndogo. Nilitarajia kuona maporomoko, nikaona jicho la maji kati ya mawe, limezungushiwa ua wa miti, na bomba jembamba likitoka chini yake mpaka hodhi ya kunyweshea mifugo, iliyo mbali kiasi cha mwito wa sauti. Hapo tulikaa tukala nduma za kuchemsha alizozibeba kitambaani. Wao huziita nduma na sisi huziita majimbi, na zao ni tamu zaidi, nakiri.

Akanieleza kanuni zao. Kuni ni kavu tena zilizoanguka, kwa siku maalumu za wiki, mzigo mmoja wa mgongoni, panga haliingii, na kila mwenye kuchukua hulipa ada ndogo ya mwezi. Nyasi za mifugo hukatwa na kubebwa. Ng'ombe haingii karibu na chemchemi. Mizinga ya nyuki yaruhusiwa, dawa za miti shamba zaruhusiwa kwa wanaojulikana, na mkaa haukubaliwi kwa hali yoyote. Wana kitalu cha miche kando ya msitu, ambacho wanawake ndio wenye zamu ya kukimwagilia. Kanuni hizi hazikuletwa zimekwisha kuandikwa. Walikaa wakabishana. Wanaume walitaka siku za kuni ziwe mbili. Wanawake wakawauliza ni nani kati yao amewahi kubeba kuni. Zikawa tatu.

Kubishana huko ni jambo jipya kuliko linavyoonekana. Ameru wana baraza lao kuu la wazee, Njuri Ncheke, ambalo kitovu chake ni Nchiru huko Tigania, na kwa muda mrefu ndilo lililokuwa na neno la mwisho juu ya ardhi na miti. Ni baraza la wanaume. Wakoloni wakaja na idara yao ya misitu, na baada ya uhuru idara ikabaki na mwendo ule ule: mlinzi, bunduki, na mwanamke anayekimbia na kuni zake. Sheria ya Misitu ya 2005, iliyoanza kutumika 2007, ndiyo iliyowaruhusu wakaaji wa kando ya misitu kuunda vyama, kuandika mpango wa usimamizi pamoja na Shirika la Misitu la Kenya na kutia saini mkataba nalo. Sheria mpya ya 2016 imezitaja haki hizo moja moja: asali, kuni, nyasi na malisho, dawa, utalii, elimu. Nayo Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Chama chao nacho kimeifuata kanuni hiyo. Dada yangu aliingia katika kamati kwa theluthi hiyo, na hakulificha. "Waliniweka nijaze kiti," alisema. "Sasa kiti kimejaa."

Nilimwuliza kama ana adui. Alinyamaza kitambo, akaosha mikono, ndipo akanisimulia.

Miraa ya Igembe ilikuwa ikipelekwa mpaka Ulaya. Uholanzi ikaifunga mwaka 2013, Uingereza ikafuata 2014, na mwezi wa Machi 2020 Somalia, ambayo ndiyo ilikuwa soko lao kubwa lililobaki, ikazuia ndege za mizigo, ikawa hivyo hadi Julai 2022. Kwa miaka ile miwili na zaidi, akasema, watu waliozoea kushika pesa kila siku walikaa bila ya pesa, na usiku ukaanza kusikika msumeno wa mashine. Walinzi wa chama ni wanavijiji wasio na silaha, hutembea wawili wawili na tochi. Usiku mmoja walimkuta kijana na mbao za muringa, akiwa na wenzake waliokimbia. Kijana huyo alikuwa mtoto wa shemeji yake, kaka wa mumewe. Alikuwa amekula sahani moja na wanawe.

Kamati ikakutana. Wengine walitaka yamalizwe nyumbani: alipe mbuzi, aonywe na wazee, basi. Wengine walisema akimalizwa nyumbani kwa sababu ana jamaa katika kamati, kesho nani atakubali mtoto wake apelekwe kwa bwana misitu? Wakapiga kura. Zikalingana, ikabaki yake.

"Ukafanyaje, dada?"

"Nilimpeleka."

Kijana alishtakiwa, jamaa wakauza ng'ombe kulipa faini. Tangu siku hiyo shemeji yake hamwamkii. Katika arusi ya mwanawe mwenyewe kiti cha shemeji kilikaa kitupu. Mumewe hakumlaumu kwa maneno, ila kuna chakula ambacho haombi tena apikiwe, kwa kuwa ndicho walichokuwa wakikila pamoja na kakake. Nami nilipokuwa nikimsikiliza nilijiuliza kama ningeweza, nikaona sijui. Kwetu tumefundishwa kuunga udugu, na tumefundishwa pia kutoa ushahidi wa haki hata ukiwa juu ya jamaa zetu, na ni rahisi kuyasoma yote mawili darasani bila ya kupata siku yakikutana.

Na tusidhani kwamba amelipwa kwa hilo. Hapa ndipo nilipoona kasoro ya mpango wote, na si kasoro ya Laare pekee. Wanajamii wamepewa haki ya kuokota na wajibu wa kulinda. Kutembea usiku ni kwao, kugombana na jamaa ni kwao, kumwagilia miche ni kwao. Lakini neno kubwa, la nani avune mbao na mapato yaende wapi, mara nyingi huamuliwa mbali na chemchemi. Mtu anaweza kuitwa mshiriki na bado akawa mlinzi asiye na mshahara. Dada yangu analijua hilo kuliko mimi. Nilipomwuliza kwa nini basi haachi, alinyoosha mkono kuelekea ule ukingo wa visiki tulioupita. Binti zake wakubwa, alisema, walichota maji wakati ule upande umekatwa na chemchemi imedhoofika, wakiondoka alfajiri na kufika shuleni saa nne. Wadogo hawajui habari hiyo.

Nikamweleza nami ya kwetu, maana nisingependa adhani watu wa pwani ni wa kutafuna tu. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, wakaaji wa kando walianza kufuga vipepeo na kuwauza nje kupitia mradi wa Kipepeo huko Gede mwaka 1993, na katika miaka ya mwisho ya 1990 msitu huo ukawa miongoni mwa mahali pa kwanza nchini pa kujaribu usimamizi wa pamoja, kabla ya sheria yenyewe kuandikwa. Gazi nako, kusini ya Mombasa, tangu 2013 wanakijiji wanaitunza mikoko yao kwa mradi wa Mikoko Pamoja, wakalipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, na fedha zikaingia katika maji na shule. Nazo kaya za Wamijikenda, ambazo wazee wake wamezilinda kwa miiko, ziliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2008. Ya Gazi ndiyo iliyomvutia zaidi. Aliniuliza mara mbili ni nani anayeamua fedha zitumike wapi. Nikamwambia hukaa wakijiji wenyewe wakaamua. Akasema, "Hiyo ndiyo."

Njiani kurudi tulimpitia mzee mmoja wa ukoo wake, mgonjwa, amejifunika blanketi juani. Aliposikia natoka pwani alijitahidi kukaa. Akasema sisi ni jamaa. Ameru, kwa masimulizi yao, walitoka zamani katika nchi ya bahari iitwayo Mbwaa, wakikimbia utumwa wa watu wa nguo nyekundu, na maji yakawagawanyikia wakapita. Nilikuwa nimewahi kusikia habari hizi, na kwamba mwanahistoria Jeffrey Fadiman aliyekusanya masimulizi ya Ameru aliona Mbwaa ni kisiwa cha Manda, pale mkabala wa Lamu. Nilimwambia mzee kwamba Manda nimefika. Akaniuliza kama kuna msitu huko. Nikasema kuna mikoko. Akataka kujua ni mti wa namna gani, nikamweleza mizizi yake inavyosimama majini, akatikisa kichwa kwa mshangao, kisha akanikabili usoni: "Na hao watu wa nguo nyekundu, wapo bado?" Sikujua kama anafanya mzaha. Nilivaa buibui jeusi, alhamdulillahi.

Siku zangu kumi zilipokwisha, mfereji ulikuwa umerudi na mtoto ameongezeka uzito. Binti yetu alinifungia nduma na asali, akaniambia, "Mama mdogo, na hiyo sweta iache, nitaivaa mimi." Dada alinisindikiza mpaka kituo cha magari. Tulipokaribia nilimwona mwanamume mmoja ameegemea pikipiki yake katikati ya kijia, na dada akapunguza mwendo, nikajua ni nani kabla hajaniambia. Alimwamkia kwa Kimeru, "Muga." Yule bwana hakujibu. Lakini aliinua pikipiki, akaisogeza kando ili tupite na mizigo yetu, na akaishika hivyo hadi tulipokwisha kupita.

Garini, baada ya Maua, mvua ikaanza. Nilimpigia mamangu Ozi. Nilikuwa na mengi ya kumweleza, ya mjukuu, ya baridi, ya ule msitu na bibi wa kamati. Hakuningoja. Aliniuliza, "Huko juu kumenyesha?"

Nikamwambia kunanyesha hivi sasa.

"Sana?"

Nikatoa simu dirishani asikie.